Mama Mifupa na Hatua ya Saba

Barua ya ofisi ya Utumishi wifi yangu aliisoma akiwa amesimama, kwa kuwa siku zile kukaa kulimuuma kuliko kusimama. Aliisoma mara mbili, akaikunja vipande vinne, akaitia kifuani, kisha akaniuliza kama Alhamisi asubuhi nina nafasi.

"Ya kwenda wapi?"

"Mbele ya kamati ya madaktari. Wameniruhusu mtu mmoja wa kunisindikiza. Naenda kuambiwa mimi mwongo, sasa nataka na wewe uwepo usikie."

Hayo maneno ya mwisho yalinichoma, na alijua yatanichoma. Nitasema sababu.

Huyu wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Ana miaka ishirini na sita katika chuo cha udaktari, na wanafunzi humwita Mama Mifupa. Kazi yake ni katika chumba cha maiti za kufundishia. Si kile ambacho ndugu huja kulia na kuchukua mtu wao. Hiki kiko nyuma, kina madirisha ya juu na meza tisa za chuma, na ndani yake hulazwa watu walioacha wosia kwamba wakifa miili yao isomewe na wanafunzi. Wifi huwapokea, huwaosha, huwatia dawa, huwahifadhi tangini, na muhula ukianza huwapandisha mezani. Sehemu nyingine huzisafisha mwenyewe kwa kisu kidogo na koleo, siku baada ya siku, mpaka mfupa, msuli na mshipa vionekane wazi, kisha huziweka kwenye kabati la vioo. Vitu hivyo huitwa vielelezo. Wale waliolala yeye huwaita wenyeji. "Sisi ndio wageni humu," huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoanza kucheka kwa woga, "kwa hiyo hebu shikeni adabu."

Kisomo chake ni darasa la saba. Aliingia pale kufagia.

Sasa, mtu aliyelowa dawa tangini ni mzito, anateleza, na hana pa kushika. Kwa ajili hiyo chuo kilikuwa na winchi ya mnyororo juu ya tangi. Ilikatika. Wifi aliandika barua tatu kwa muda wa miaka mitatu, na kila barua ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Wakati linashughulikiwa, yeye na mwenzake wa zamu walinyanyua kwa mikono. Mwaka jana, wiki ya kwanza ya muhula, mwenzake aliyeshika miguu alitelezwa na glovu. Wifi alikuwa ameshageukia meza. Uzito wote ukamjia yeye, upande wa kushoto, kiuno kikiwa kimepinda.

"Nilisikia kitu kinachanika huku chini, wifi," aliniambia baadaye, "kama wewe unavyochana kitambaa kipya kwa mikono."

Hakumwachia yule marehemu. Alimfikisha mezani, akamfunika, akamwomba radhi kwa kumtikisa, ndipo akaenda kujishika ukutani. Mwingine angemwangusha na hakuna ambaye angemlaumu.

Toka siku hiyo akawa hawezi kuinua kitu. Alipigwa picha ya eksirei, ikatoka safi. Akapigwa ya pili, safi. Akapewa vidonge, akaambiwa umri nao unakwenda. Wiki zikawa miezi, na Bwana Utumishi, yaani mkuu wa ofisi inayoshika mafaili ya wafanyakazi, akaanza kutumia neno moja kwenye barua zake: anajisingizia. Kama kamati ya madaktari ingekubaliana naye, wifi angehesabiwa kuwa amekataa kazi kwa ukaidi, na unga wake ungemwagika hapo hapo, miaka ishirini na sita ikiishia kwenye neno hilo.

Na mimi je? Mimi nilikuwa upande wa Bwana Utumishi. Nasema ukweli maana hakuna faida ya kuuficha. Tulipokuwa tunamhamisha mama yetu kwenye nyumba mpya, watu wote walibeba, hata watoto, na wifi akasimama mlangoni ameshika saa ya ukutani. Nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Wifi, huo mgongo wako una macho. Ukiona mzigo tu, unaanza." Watu wakaangua kicheko. Halafu nikamvuta kaka kando nikamwambia, mkeo mvivu, anakufanya mjinga. Kaka yangu mpole yule alinitazama tu, akaenda kubeba godoro.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti changu cha cherehani, kiuno kizima, ninatoa hukumu.

Nilikubali kumsindikiza kwa sababu kaka asingefaa. Kaka yangu akiona koti jeupe huanza kujibu maswali ambayo hajaulizwa.

*

Jumatano mchana wifi alikuja kibandani kwangu. Hakukaa. Aliegemea meza yangu ya kukatia, akachukua chaki yangu, na juu ya kitambaa cheusi cha suruali ya mteja akaanza kuchora.

"Wifi! Hiyo nguo ya watu!"

"Itafutika. Nisikilize. Hii ni pingili ya tano ya kiuno, ya mwisho kabisa, chini yake hakuna nyingine, kuna mfupa mkubwa wa nyonga tu. Hii pingili imekaa mahali pabaya, imekaa kwenye mteremko. Mzigo wote wa mtu unaisukuma iteleze mbele. Kwa nini haitelezi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Haitelezi kwa sababu imefungwa. Hapa pembeni ina kibawa, na hapa pembeni kibawa." Akachora. "Kutoka ncha ya kila kibawa kuna kano, utepe mgumu, unakwenda mpaka ukingo wa nyonga, huu unaoushika ukiweka mikono kiunoni kugomba. Kushoto moja, kulia moja. Nyingine zina mikanda miwili, wa mbele na wa nyuma. Ni fupi, haizidi kidole, lakini nene. Iko ndani sana, imefunikwa na misuli. Na eksirei haipigi picha ya kano, inapiga mfupa. Ndiyo maana picha zangu zote ni safi."

Nilitazama mchoro. Mimi ni fundi, nikauelewa kwa njia yangu: ndani ya kiuno cha suruali tunaficha kitambaa kigumu ambacho mvaaji hakioni, na siku kikichanika suruali nzima inakaa upande na mvaaji hajui kosa liko wapi.

"Sasa kesho waambie hivi hivi," nikasema.

"Ngoja. Hujasikia kilichonileta."

Akaweka chaki chini. Alipoanza tena alizungumza polepole, na haikuwa kawaida yake.

Miezi minne iliyopita, akiwa amepewa kazi nyepesi ya kufuta vumbi kwenye kabati la vioo, maumivu yalimbana. Akaweka kidole gumba pale panapouma, juu ya tako la kushoto, vidole vinne kutoka katikati ya mgongo. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika kielelezo cha nyonga. Akajiambia, hebu nitazame hapa kuna nini. Akatazama mahali pale pale kwenye kielelezo. Mfupa mtupu. Akatoa cha pili, mfupa mtupu. Vilikuwa kumi na vinne, akavipanga mezani vyote, na hakuna hata kimoja chenye kitu katikati ya pingili ya mwisho na ukingo wa nyonga. Lakini kitabu cha wanafunzi kilikuwa kimechora kano pale.

Na vile vielelezo kumi na vinne vilisafishwa na yeye.

"Ukutani kuna karatasi ya maelekezo," akasema. "Aliiandika profesa wetu wa zamani kabla hajastaafu. Hatua kumi na mbili za kusafisha nyonga. Hatua ya saba inasema: kwangua mafuta na mabaki yote katikati ya pingili ya mwisho na ukingo, mpaka mfupa ung'ae. Alitaka mishipa ya fahamu ya mbele ionekane vizuri. Nami nikakwangua. Miaka ishirini, wifi. Mahali pale pana mafuta kweli, na ukipita na kisu haraka kano inaondoka pamoja nayo, unaitupa ndooni na kujisifu umesafisha. Madaktari wote waliopita kwangu wameisoma kano hiyo kitabuni na hawajaiona hata siku moja. Wanajua jina lake tu."

"Na kamati ya kesho..."

"Watatu. Wawili wamepita kwangu."

Niliweka mkasi chini. "Wifi, sikiliza ushauri wa bure. Kesho sema mgongo unauma, sema winchi, sema barua tatu. Hayo ya kukwangua yameze. Ukiyasema umemkabidhi Bwana Utumishi kisu na umemwonyesha shingo."

"Nisipoyasema, wataniuliza mbona wao hawaijui hiyo kano. Nitajibu nini?"

"Sema ni kosa la profesa. Karatasi si ni yake?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

"Karatasi haina mikono," akasema. "Mikono ilikuwa yangu."

Akanieleza na la mwisho. Baada ya siku ile ya kabati alichukua nyonga moja mpya, akaifanyia kazi kwa siku tisa, amesimama, na hatua ya saba akaikataa. Pale alipokuwa akipita kwa kisu katika dakika tano, alitumia siku tatu, akiondoa mafuta kwa ncha ya koleo chembe kwa chembe. Siku ya nane kano ikajitokeza, nyeupe, imenyooka, imeshika.

"Nililia," akasema. "Si kwa sababu ya mgongo. Nilikasirika. Ishirini na sita, na ndiyo kwanza tunaonana."

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, kitanda kimoja cha kupimia nyuma ya pazia, na kipoza hewa kinachodondosha maji kwenye kopo la rangi. Katikati alikaa Mwenyekiti, bingwa wa mifupa, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Kushoto kwake daktari wa kike, kijana, aliyemaliza chuo juzi juzi. Kulia daktari mwingine aliyesomea mbali, ambaye muda wote alikuwa akifungua faili na kulifunga. Pembeni, Bwana Utumishi na kalamu tatu mfukoni. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango, nikaambiwa ninyamaze. Wifi alikataa kiti.

"Mama Mifupa," Mwenyekiti akaanza kwa upole, "tunafahamiana. Picha zako tumeziona. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna pingili iliyohama."

"Najua, daktari. Sijaja kulalamikia mfupa."

Mwenyekiti akamwambia ainame mbele. Akainama. Akamwambia ainame kulia. Akainama hadi nusu, nikaona mguu wake unatetemeka ndani ya sketi niliyoishona mwenyewe. Mwenyekiti akamgusa katikati ya uti wa mgongo, pingili moja moja, juu hadi chini. "Hapa? Hapa? Hapa?"

"Hapana. Hapana. Hapana."

Akabonyeza vile vishimo viwili vya juu ya makalio. "Hapa?"

"Hapo ni mlango wa jirani, daktari. Rudi juu kidogo, nje kidogo."

Yule daktari wa kufungua na kufunga faili akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Bwana Utumishi akakohoa, akasema kwa sauti ya kusoma tangazo, "Mheshimiwa, kwa mujibu wa taarifa zetu mhusika huwa anaelekeza wanaompima. Ni dalili mojawapo ya kujisingizia."

Hapo nilitaka kusimama. Wifi aliwahi.

"Bwana Utumishi, wewe ukipotea mtaani kwangu nisikuelekeze? Nikuache uzunguke?"

Kisha akawageukia madaktari. "Naomba niwaonyeshe kitu. Kiko chumbani kwangu, na sheria hairuhusu nikitoe. Hatua sitini kutoka hapa. Mimi ninayeumwa nitatembea, sidhani kama ninyi wazima mtashindwa."

Nadhani walikwenda kwa udadisi, au kwa aibu. Bwana Utumishi alikwenda kwa sababu wengine walikwenda.

Chumba kile kinanuka dawa mpaka machozi yanakutoka bila huzuni. Wifi aliingia na kubadilika mbele ya macho yangu. Nje alikuwa mwanamke anayeburuta mguu, mle ndani alikuwa mwenye nyumba. Alitusimamisha, akaisalimia meza iliyofunikwa, ndipo akafungua kabati na kupanga vielelezo vitatu mbele ya Mwenyekiti.

"Daktari, nionyeshe kano inayofunga pingili ya tano na nyonga."

Mwenyekiti akanyoosha kidole bila kufikiri, akakiweka katikati ya kibawa na ukingo. Kidole kikasimama juu ya hewa. Akachukua cha pili, akakigeuza. Akachukua cha tatu.

"Inapaswa kuwa hapa," akasema.

"Inapaswa."

"Mwaka wetu..." akaanza, akasita. "Mwaka wetu lilikuwapo swali la kano hii kwenye mtihani wa vitendo. Lilifutwa. Hakuna aliyeiona."

"Mlilalamika kwamba swali ni la kuonea," wifi akasema. "Nakumbuka. Mlikuwa na haki. Haikuwepo kwa sababu niliikwangua mimi. Kwenye hivi vitatu na kwenye vingine kumi na kimoja, na kwenye vyote vilivyotangulia. Nilifuata ile hatua ya saba pale ukutani, miaka ishirini, na sikuuliza. Wewe umesomea kosa langu, daktari. Na huyu binti naye kasomea kosa langu. Ndiyo maana mkononi mwako haimo."

Nilifumba macho. Nilijua kitakachofuata, na hakikuchelewa.

"Kumbe!" Bwana Utumishi alichomoa kalamu. "Tumesikia sote. Mhusika amekiri kuharibu vielelezo vya chuo kwa miaka ishirini. Mheshimiwa, hili ni kosa la nidhamu linalojitegemea, hata suala la mgongo halihitajiki tena. Naliandika." Akaegemea meza tupu, akaandika kwa furaha.

"Andika," wifi akasema. Halafu akavuta kitambaa kilicholowa kwenye sinia la mwisho.

Sijui kueleza uzuri wa kitu kile kwa mtu asiyekiona, na mimi si mtu wa kupenda vitu kama hivyo. Ilikuwa nyonga ya binadamu na pingili zake mbili za mwisho, safi, na kutoka kila kibawa ulikwenda utepe mweupe mnene ukajibandika kwenye ukingo kwa ndani. Daktari wa kike alivuta pumzi. Alivaa glovu, akainama, akapitisha ncha ya koleo chini ya utepe, akaunyanyua taratibu. Haukunyanyuka.

"Mama, naomba mgongo wako," akasema. Akavua glovu, akanawa, akamwendea wifi kwa nyuma. Akawa anatazama sinia huku anapapasa mgongo, anatazama, anapapasa.

"Huwezi kuigusa kwa nje," Mwenyekiti akasema. "Imejificha nyuma ya ukingo."

"Siigusi, daktari. Nagusa inapoishia."

Kidole gumba kikafika. Wifi hakupiga kelele. Alidaka ukingo wa meza ya chuma kwa mikono miwili, na kupitia meno akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Binti akabonyeza kulia, mahali pale pale. "Na hapa?"

"Hapo bonyeza mpaka jioni."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema, na mle ndani tulikuwa tumezungukwa na wanaoijua, lakini siku ile ndipo nilipoona kwa macho yangu maumivu ya mtu aliye hai. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Nami mtu yule nilimwita mvivu mbele ya watoto.

"Inawezekana," Mwenyekiti akasema polepole. "Siwezi kuapa bila kipimo kikubwa, na hapa hatuna. Lakini inawezekana kabisa."

"Mheshimiwa," Bwana Utumishi akaingilia, "hata ikiwezekana, lililo mbele yetu sasa ni kukiri kwake."

"Ni kweli," wifi akasema. Alikuwa bado ameshika meza, lakini sauti ilikuwa imerudi yote. "Hebu tusomee ulivyoandika."

Bwana Utumishi akanyanyua karatasi. "Kwamba mhusika, kwa uzembe, ameondoa katika vielelezo vyote vya nyonga kano iliyo sehemu muhimu ya mwili, na hivyo kuwanyima wanafunzi..."

"Muhimu. Umeandika muhimu?"

"Nimeandika."

"Muhimu kwa kazi gani?"

Bwana Utumishi akamgeukia Mwenyekiti. Nilimwona Mwenyekiti amejua, kabla ya mwenzake, walikokuwa wanapelekwa.

"Inazuia pingili ya tano isiteleze mbele wala isipinde upande," akasema, "hasa mtu anapobeba mzigo huku amegeuka."

"Liandike na hilo," wifi akasema. "Nasubiri."

Kalamu haikusogea.

"Basi nikusaidie, bwana. Una karatasi mbili mkononi. Moja inasema nimekwangua kitu cha maana. Ya pili, ile ya kujisingizia, inasema hapa ninaposhika hakuna kitu cha kuuma. Chagua. Kama kano ipo, nipe onyo langu, nitalitia saini mbele yenu sasa hivi, maana kosa ni langu. Lakini kama ipo, basi na yangu ipo, na ilichanika hapa, kwenye tangi lile, nikimbeba mtu wenu kwa mikono kwa sababu winchi yenu inashughulikiwa. Na kama haipo, chana karatasi zote mbili, maana sijakwangua kitu. Yote mawili huyapati. Mimi si wa darasa la juu, lakini hilo nalijua."

Yule daktari wa kufungua na kufunga faili ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi cha puani, akamnyang'anya Mwenyekiti fomu ya kamati aliyokuja nayo, akaiweka juu ya kabati na kutia alama kwenye *ndiyo*: jeraha lililotokana na kazi. Akasaini. Binti akasaini. Mwenyekiti akachukua kalamu, akaandika chini kwa mkono: asinyanyue chochote mpaka kifaa cha kunyanyulia kitengenezwe, aendelee na kazi ya kuandaa vielelezo, na hivi vya zamani viandaliwe upya chini yake. Akafikiri, akapigia mstari *chini yake*. Ndipo akasaini.

"Na onyo?" wifi akauliza.

"Mama, liache," Mwenyekiti akasema.

"Siliachi. Watoto wa watu nimewanyima kitu miaka ishirini, halafu nitoke hapa kama malaika? Lete."

Bwana Utumishi alimpa onyo lile kama mtu anayetoa mali yake. Wifi akalisoma lote, akaomba neno *uzembe* libaki kama lilivyo, akatia saini kubwa iliyovuka mstari.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali. Mbele ya jengo kuna ngazi ndefu za saruji, na hapo wifi akasimama. Alikuwa analia, macho wazi, bila kujifuta, na hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Wifi," nikasema, "siku ile tunamhamisha mama. Nilikwambia maneno. Na kaka nilimwambia..."

"Kwamba mimi mvivu. Aliniambia usiku ule ule."

"Na mwaka mzima hukusema kitu?"

"Nilikuwa na wenye mihuri wa kushughulika nao kwanza. Wewe nilikuwekea zamu." Akaninyooshea mkono. "Ndiyo hii. Nishike tushuke."

Nikamshika. Zilikuwa ngazi kumi na moja. Tulizishuka moja moja, na kwenye kila ngazi nilisema samahani, na kwenye kila ngazi alinijibu, "Sijasikia."